Mikate ya Malori

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Unga haukuumuka. Ile hamira ya mwisho kwenye kopo imeshika unyevu, imekufa. Niliitia kwenye maji ya vuguvugu na kijiko cha asali, nikangoja povu. Hakuna. Nikakanda hivyo hivyo kwa ubishi. Mkate umetoka kama tofali. Rukia kaula wote na chai. Mtoto mwema.

Mwenye duka anasema treni ikileta hamira ataniwekea kopo moja. Hana uhakika. Siku hizi hakuna mwenye uhakika na kitu.

Nimeanzisha chachu kama alivyokuwa akifanya marehemu mama mkwe. Unga wa ngano, unga wa ulezi kidogo, maji, asali ya baba. Kwenye chungu, kitambaa juu, pembeni mwa jiko. Sasa ni kungoja.

Mume wangu Saidi amebadilishiwa kazi. Lori lake halibebi tena mahindi ya ghala. Nimemuuliza linabeba nini, akasema, "Kazi za serikali." Kanijibu kama anamjibu mtu wa ofisini.

Ijumaa, 9 Agosti
Chachu iko hai. Jana ilinuka vibaya, nikataka kuimwaga. Leo asubuhi imepanda, ina matundu, harufu yake ni kama ya togwa iliyokaa. Nimekanda, nimefunika, nimeacha juani. Unga ukajaa hadi ukingoni mwa beseni. Nikauweka kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Mkate mzuri. Majirani wamefuata harufu.

Mchana Landrova imesimama mlangoni. Bwana mmoja wa ofisini, suti ya Kaunda, mpole sana. Vijana wawili wakashusha magunia ya unga wa ngano. Tabora nzima inatafuta unga, na mimi nimeletewa mlangoni bila kuomba.

"Mama Rukia, tumesikia mikate yako. Tunataka ya vijana wa kazi. Kila malori yanapotoka."

Nikauliza ni kazi gani. Akatabasamu, akasema mume wangu anaijua.

Sikuupenda ule upole wake.

Jumanne, 13 Agosti
Mikono inauma. Ninakanda tangu alasiri, naacha unga uumuke usiku kucha, alfajiri nachoma. Nimeongeza chachu kwenye chungu kikubwa. Inakula unga kama mtu mwenye njaa. Ukiinama juu yake unasikia inachemka polepole, na jiko limezimwa. Zamani sauti hiyo ingenifurahisha.

Mikate inachukuliwa kabla jua halijatoka. Malori yamejipanga barabara ya Sikonge, matupu. Yanatoka matupu. Nimelifikiria jambo hilo siku nzima.

Mama Veronika, jirani yangu, amekuja kuazima chumvi, akakaa. Kwao ni Lusu. Anasema ndugu zake wamehamishwa wote kwenda kijiji kipya. Walipakiwa kama walivyo, uji bado uko jikoni. Hakulia. Aliyatazama magunia ya unga ukutani, kisha akanitazama mimi. Akaondoka bila chumvi.

Ijumaa, 16 Agosti
Saidi amerudi. Shati lake linanuka moshi, na si moshi wa kuni. Moshi wa nyasi za paa. Nimelifua mara mbili, na harufu haitoki.

Nilipopanda kufagia lori nimekuta mchi. Mchi wa kutwangia, umelainika pale mkono unaposhika. Nimemuuliza ni wa nani. Hajui. Watu walikuwa wengi. Nimeusimamisha nyuma ya mlango. Naogopa kuutumia, naogopa kuutupa.

Jumapili, 18 Agosti
Nimemuuliza zamu inayofuata ni wapi. Akafunga kamba za viatu, akafungua, akafunga tena.

"Mbele ya Ipole," akasema.

Nikakaa chini pale pale. Mbele ya Ipole ni kwetu. Baba na mama wako huko, na kaburi la kaka yangu. Mizinga ya nyuki ya baba iko msituni, kila mmoja kwenye mti anaoujua yeye.

Nilimwambia Saidi akatae. Akasema akikataa lori litaendeshwa na mtu mwingine, na huyo mwingine hatamjua mzee. Nimemchukia kwa kuwa na jibu.

Wanasema kijiji kipya kitakuwa na shule na maji na zahanati. Labda ni kweli. Rais tunampenda. Hata baba anampenda. Lakini moshi ule unatoka wapi?

Jumatatu, 19 Agosti
Nimemwambia Saidi hivi: utanipakia mimi pamoja na mikate, au sikandi. Yule bwana akija kuuliza, nitamjibu mwenyewe. Akakubali.

Nimemwachia Mama Veronika mtoto. Kapokea, hakuniuliza ninakokwenda. Nadhani alijua.

Alhamisi, 22 Agosti
Naandika nikiwa kijiji kipya. Hakuna kijiji. Kuna uwanja uliofyekwa, vijiti vya kupimia viwanja, na watu.

Tulifika kwetu asubuhi. Wanamgambo walikuwa wametangulia. Wanawake walikuwa wakitoa vitu nje: vyungu, magodoro, kuku waliofungwa miguu. Hakuna aliyepiga kelele. Ndilo lililonitisha zaidi. Watoto walishika mikate yangu mikononi, wamesahau kuila.

Mama alikuwa amekwisha kujifunga kanga. Kaniona, hakushangaa. Kanipa kikapu nishike, kama nimetoka kisimani tu.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Nikapiga goti, nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu." Kijana wa mgambo akamwambia, "Mzee, panda." Baba hakumsikia. Akaambiwa tena, kwa sauti. Akabaki vile vile, mikono magotini. Kijana akalishika bega lake.

Saidi akashuka kwenye lori. Akamwondoa yule kijana, akavua kofia, akachuchumaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ni wewe Saidi umekuja kunichukua?"

"Ni mimi, baba."

"Nisipopanda, watakufanya nini?"

Saidi akaikunja kofia mkononi. Baba alimtazama usoni, kisha akanitazama mimi, na ule unga mkavu kwenye mikono yangu. Akasimama. Saidi akamfungulia mlango wa mbele. Baba akaupita, akaenda nyuma, akapanda na watu wengine.

Hatujafika mtoni nikasikia mtu anasema, "Tazameni moshi." Mimi sikutazama. Baba alitazama hadi miti ikaziba.

Ijumaa, 23 Agosti
Baridi kali alfajiri. Watu wamelala chini ya vichaka. Nimempa baba mkate, ameuweka kando. Mama anaongea Kinyamwezi tu, hata na mgambo, nao wanajibu kwa Kiswahili, na mambo yanakwenda hivyo.

Nimewaomba waje Tabora nami. Baba akatikisa kichwa. Mama hatamwacha.

Leo narudi mjini na lori. Najiona kama ninayekimbia.

Jumanne, 27 Agosti
Saidi kaleta habari. Baba hayupo. Alimwambia mama anakwenda kutazama mizinga. Hakuna aliyemwona akitoka. Kule ni mbali, hata kwa kijana. Kuna simba upande ule wa pori.

Wanamgambo wanasema ametoroka. Mzee wa miaka ile ametoroka. Wamemtisha mama.

Yule bwana kapita leo, kwa upole wake. Anataka mikate zaidi, zamu ijayo ni kubwa. Nilikanda. Sijui kwa nini. Mikono ilikanda. Chachu ilifurika usiku, ikamwagika hadi mlangoni, na sisimizi wakaifuata mstari mmoja mweusi.

Jumamosi, 31 Agosti
Wamempata. Saidi aliomba ruhusa, akanyimwa, akaenda na lori hivyo hivyo.

Alikuwa chini ya mti wa mzinga wake. Kamba ya kupandia ilikuwa imekatika. Miaka yote alipanda na wapwa zake, mmoja akishika kamba chini. Safari hii wapwa walikuwa uwanjani wanajenga vibanda vyao. Alipanda peke yake.

Saidi amemzika palepale na watu wawili waliokubali kwenda naye. Kwetu hakuna nyumba hata moja iliyobaki ya kumwingiza, kwa hiyo alimwosha chini ya mti. Alinieleza yote polepole, hakuruka kitu. Akalia kwa mara ya kwanza. Sikumgusa. Baadaye nilimgusa.

Jumapili, 1 Septemba
Nimechemsha maji. Nimeyamwaga kwenye chungu cha chachu yakiwa yanatokota. Ilipanda ghafla, ikanuka, ikatulia. Nilikoroga kuhakikisha.

Bwana alipokuja nikamwonyesha. Nikamwambia imekufa, na hamira ya dukani haipo. Alichovya kidole. Alijua, nadhani. Alinitazama bila tabasamu, na huo ndio uso wake wa kweli, wala si mbaya sana. Ni uso wa mtu aliyechoka. Akaagiza magunia yapakiwe.

Pale mlangoni akasema, "Pole na msiba, Mama Rukia." Kisha, "Mumeo atatakiwa kueleza habari ya lile lori."

Jumatano, 4 Septemba
Saidi ameitwa. Kaenda na shati safi. Nilikaa barazani mchana kutwa. Kila Landrova ilipopita nilisimama.

Karudi jioni. Wamemnyang'anya funguo za lori. Atakuwa mlinzi wa ghala. Niliogopa makubwa zaidi. Yeye pia. Tumekula ugali, na Rukia akatusimulia habari za shule.

Jumatano, 18 Septemba
Mama yuko hapa. Waliruhusu, kwa kuwa ni mjane na hana wa kumjengea kibanda. Amepewa chumba cha Rukia, na Rukia amefurahi kulala naye.

Nimeanza mfungo pamoja na wengine. Jirani mwingine kaniletea hamira kidogo kwenye karatasi, kutoka kwa dada yake wa Dar. Nimechoma mkate mmoja wa kufuturu. Mama aliukata kwa mkono, akala taratibu, akasema kwa Kinyamwezi kwamba ni mwepesi, hauna kitu ndani. Rukia alicheka. Mama naye alicheka kidogo.

Mchana mama alizunguka nyuma ya nyumba, akapiga udongo kwa kisigino sehemu sehemu, akitafuta pa kulima. Akaniuliza nani ana jembe.

Nimemwazimia kwa Mama Veronika.