Zulia Jipya la Dukani

Jumatano, 21 Februari 2024

Rhodri wa kaunta ananichunia. Au ananiogopa, sijui. Leo nimetoka shule, nimeingia dukani, napita kwenda karakana kwa Mjomba Gethin. Rhodri alikuwa anacheka na mzee mmoja, mteja wa miaka. Aliponiona akakata kicheko. Halafu akamwambia yule mzee, makusudi nisikie: masikio ya bosi yamefika. Mzee akacheka. Mimi nikawa mwekundu mpaka shingoni, kama kawaida yangu, nikajifanya natazama soksi.

Mimi si masikio ya mtu! Nangoja Mama afunge duka tuende nyumbani, basi. Si kosa langu kwamba meneja ndiye aliyenizaa.

Lakini namwelewa. Tangu Januari walipofunga duka la Newport, na hapa kwetu wakampunguza Bi Mererid wa nguo, kila mtu anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Makao makuu walisema wanapunguza kidogo. Kidogo cha nani? Rhodri ana kichanga nyumbani. Anadhani nampelekea Mama maneno. Na mimi nadhani yeye ndiye anayepeleka maneno makao makuu — kila saa yuko kwenye korido na simu, na akiniona anaigeuza kioo chini.

Mjomba ndiye peke yake asiyeshuku kitu. Amekaa karakana anavua mishikio iliyochakaa kwenye fimbo za gofu za watu, anavalisha mipya, anapiga mluzi, mikono inanuka spiriti. Anasema sote tuna homa.

Mimi nimeona jambo moja, sijamwambia mtu. Maboksi hayaji. Mwezi kama huu fimbo za msimu mpya huwa zimejaa mpaka mlangoni mwa choo. Mwaka huu Mama amewaambia watandaze viatu, kimoja kimoja, kwa nafasi. Ili rafu zisionekane zina njaa.

Jumamosi, 24 Februari

Leo kaja mtu. Koti la kijani, viatu safi mno kwa mcheza gofu katika Februari hii ya matope. Hakugusa fimbo hata moja. Mkononi ana kidude kidogo cha leza, anakielekeza huku, anakielekeza kule.

Kwetu hilo si ajabu. Wanaume wanakuja na darubini zao za kupimia umbali wa shimo, wanazijaribu kwenye ukuta wa mwisho, wanasifiana, wanakwenda zao. Lakini Rhodri aliingia karakana mbio na kunong'ona: huyo ni mteja wa siri. Makao makuu huwatuma, mtu anajifanya mnunuzi, kisha anakwenda kusema nani alimchangamkia na nani alimnunia. Rhodri ana hakika watakaopunguzwa watachaguliwa hivyo.

Basi wakampokea kama bwana harusi. Chai. Biskuti. Rhodri akamtolea darubini zote za kwenye kabati, moja moja. Mjomba akamwingiza kwenye kibanda cha kujaribia mipigo na kumwashia mashine. Yule mtu alikataa, akakataa, mwishowe akaona haya akapiga mipira mitatu kwenye wavu. Anapiga kama anakung'uta mkeka! Mmoja ukagonga nguzo ukarudi nusura umtoe jicho. Mjomba akamwambia kwa upole asinunue chochote, atafute mwalimu kwanza.

Alipotoka tu, Rhodri akaanza.

"Umetumaliza, Gethin. Unamfukuza mteja mbele ya macho ya makao makuu."

"Nimemwambia kweli."

"Kweli hainunui maziwa ya mtoto, kaka."

Mimi nilikuwa nimekaa chini nyuma ya mabegi, na hesabu zangu magotini. Nikaona kitu. Kile kidude hakukiweka jichoni hata mara moja. Alikishika usawa wa kiuno, mgongo wa kidude kaubana ukutani. Anasoma namba, anaipiga kwenye simu, anahamia ukuta mwingine. Shimo gani la gofu liko ukutani?

Na Mama? Mama alikuwa ofisini, mlango umefungwa. Hakutoka hata kumsalimu. Mama, ambaye hata mleta barua humwuliza hali ya mkewe kwa jina.

Jumatatu, 26 Februari

Mjomba ameitiwa kazi! Klabu moja ya gofu karibu na Tenby, wana karakana yao, fundi wao anastaafu. Wanataka jibu kabla ya Jumatatu ya tarehe kumi na moja. Baada ya hapo wanamchukua mwingine, wameshamwona.

Alimwambia Mama leo tukifunga duka. Nilikuwepo, nimeshika mwavuli wake. Alisema hataki kwenda, ni mbali, na Bibi anamtegemea yeye jioni. Lakini kama hapa fimbo ya kupunguzwa inakaribia kumwangukia, aambiwe. Yeye si mtoto.

Mama alikuwa anahangaika na funguo. "Tulia, Gethin. Wewe uko salama."

Mjomba akapumua, akacheka, akampiga bega.

Funguo zile Mama amezishika miaka sita. Anajua upi wa mlango hata gizani. Leo alijaribu tatu.

Labda ni baridi. Nina roho mbaya mimi, namshuku mama yangu kwa sababu ya funguo.

Jumatano, 28 Februari

Leo kwa Bibi. Fundi kaja kupima jikoni, Bibi anataka sakafu mpya. Akatoa mfukoni kidude kile kile. Kile kile! Akakibana ukutani usawa wa kiuno, nukta nyekundu ikatokea upande wa pili, akaipiga namba kwenye simu.

Nilimwuliza (mimi! nimemwuliza mgeni swali!) kama kinapima umbali wa gofu. Akacheka. Akasema kinapima vyumba, mrembo, hakijui gofu.

Kwa hiyo mtu wa koti la kijani hakuwa mteja wa siri. Alikuwa anapima duka. Na kina Mjomba wakampa biskuti.

Unapima duka kwa nini?

Ijumaa, 1 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Dewi, mlinzi wetu Wawelisi. Shule nzima maua ya njano kifuani. Kwaya imeimba, nilijificha safu ya nyuma nikafumbua mdomo bila sauti.

Jioni Mama alipika supu ya kondoo na liki, Mjomba naye alikuja. Kabla hajafika nilimwuliza Mama kama mtu wa Jumamosi alikuwa anapima kuta. Upawa ukasimama ndani ya sufuria. Nimeuona ukisimama. Halafu ukaendelea.

Alisema labda wanabadilisha zulia. Lile la sasa si limechakaa? Nikasema limechakaa. Akasema kata mkate.

Zulia! Nikapata pumzi. Nilitaka iwe zulia, kwa hiyo ikawa zulia.

Na sasa niandike sehemu yangu. Baada ya kula, Mjomba anaosha vyombo, mimi nafuta. Huwa simwambii mtu habari, sina habari mimi. Leo nilikuwa nayo. Nikamwambia kwamba yule mtu hakuwa mteja wa siri hata kidogo, alikuja kupima sakafu, dukani linakuja zulia jipya, Mama kasema. Neno "labda" sikulitia. Sijui kwa nini sikulitia. Lingeharibu utamu.

Mjomba akaweka sahani chini.

"Kampuni inayokufa hainunui zulia," alisema. Akaninyanyua na vitambaa vyangu akanizungusha jikoni kama mtoto wa miaka mitano.

Jumanne, 5 Machi

Habari ya zulia imeenea dukani. Rhodri kanisalimu! Kaniuliza kama najua rangi. Anataka kijivu, Mjomba anataka kijani ya uwanjani, wamebishana mpaka wateja wakaingilia. Mzee mmoja kasema bora la maua, kama la bafuni kwa mke wake. Rhodri kanipa chokoleti na kuniita balozi. Ile simu ya kwenye korido alikuwa anaangalia picha za mtoto, kanionyesha, kichwa kama mpira wa gofu kabisa.

Niliona aibu kwa jinsi nilivyomshuku. Nikafurahi pia. Mara ya kwanza nimesimama kaunta wala sikujua nifiche wapi mikono, lakini nikasimama.

Mama alipita katikati ya kicheko. Mtu mmoja akamwita, bosi, rangi gani? Akasema hajaambiwa. Akaingia ofisini. Mlango.

Hakusema hakuna zulia.

Alhamisi, 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Mama alikuwa anaongea na simu nje, kwenye mvua, kama siku zote hizi. Mimi niko garini. Akaja bado anasikiliza, akakaa, akawasha gari. Alisahau kwamba gari likiwaka simu inahamia kwenye spika. Sauti ya Fiona wa makao makuu ikajaa humo ndani, kwa Kiingereza, kubwa, kama mtu aliyekaa kiti cha nyuma:

"Delyth, wale wa chakula cha mbwa wanataka funguo Mei. Mtu asijue kabla ya tarehe ishirini na mbili. Likivuja, siwezi kuitetea nafasi yako ya Bristol."

Mama akazima gari. Lote. Tukabaki na mvua.

Kisha akanieleza, kwa Kiwelisi, polepole, anatazama vioo. Duka linafungwa, jengo wanalichukua wauza chakula cha mbwa. Wote wanaondoka, si mmoja wala wawili. Amejua tangu Januari. Wafanyakazi wakijua mapema wanatawanyika, na yale mauzo ya mwisho ya bei ya kutupa yatakosa wa kuyaendesha. Yeye wamemwahidi duka la Bristol akinyamaza. Asiponyamaza, tutaishi kwa kitu gani, mimi na yeye, na baba yangu akidaiwa pesa kila siku anasema mwezi ujao?

Nikasema, na Mjomba? Tenby wanangoja mpaka Jumatatu.

"Gethin akiacha kazi wiki hii, nani hatajua ni mimi niliyemwambia? Ni ndugu yangu. Wote wanajua."

"Ulimwambia yuko salama."

Akasema Mjomba atapata kiinua mgongo chake, hatatoka mikono mitupu. Fundi kama yeye hakosi kazi. Nikasema kazi anayo, iko Tenby. Nikasema, na zulia, kwa nini ulisema zulia.

"Mimi nilisema labda. Zulia ulilipeleka wewe."

Hiyo ndiyo inayoniuma, kwa sababu ni kweli. Kaisema kwa sauti ya chini, bila hasira. Angenipiga ingekuwa nafuu. Kisha akanishika mkono, akanitaka niahidi. Nilitikisa kichwa. Sikumbuki nilikitikisa kwa upande gani.

Sasa nahesabu upya kila kitu alichowahi kuniambia. Alisema meno ya Bibi hayana tatizo. Alisema baba aliondoka kwa sababu ya kazi. Mtu ukishamkamata na moja, yote yanaomba kuchunguzwa.

Ijumaa, 8 Machi

Sikwenda dukani. Nilisema tumbo. Mama hakuuliza tumbo la namna gani.

Jumapili, 10 Machi

Sikukuu ya akina mama. Niko kwa Bibi, nimejifungia bafuni, naandika juu ya mapaja. Huko nje wako kwenye keki.

Ilikuwa hivi. Kondoo wa kuoka, viazi, kadi juu ya meza. Mjomba alimletea Bibi maua, na Mama pia, kwa sababu ni dada mkubwa aliyemlea, alisema. Halafu akagonga glasi. Amekata shauri. Leo jioni anawaandikia Tenby kwamba hapana, asante. Anabaki. Bibi akafumba macho kama aliyeombewa. Akasema Mungu amemsikia, hakuwa anajua nani atambebea makaa.

Nikamtazama Mama. Nilimtazama kwa macho yangu yote.

Mama akasema, "Fikiria vizuri, Gethin. Tenby ni pazuri."

Ni hayo tu. Alikuwa anamimina mchuzi.

Mjomba akacheka. "Dada, wewe si ndiye uliyeniambia nitulie? Na mpwa wangu huyu kaniletea habari ya zulia. Mimi ni nani nibishane na familia nzima?"

Akanikonyeza. Uso wangu ukawaka. Kila mtu hapa anajua mimi huiva bila sababu, kwa hiyo Bibi kasema tu muacheni mtoto, mnamtazama sana. Nikaomba ruhusa, nikainuka, uma ukaanguka.

Hapa nilipo nimejaribu kupanga. Nikimwambia Mjomba, Mama anapoteza Bristol na mimi nimevunja ahadi — kama niliahidi. Nisipomwambia, anawaandikia jioni, na tarehe ishirini na mbili atasimama kwenye lile zulia la zamani na Rhodri ataniangalia. Na Mjomba hataniangalia. Hilo ndilo baya zaidi.

Mama amekuja mlangoni sasa hivi. Hakugonga, alikwaruza. Alisema, kwa Kiingereza: "Wiki mbili tu. Tafadhali."

Mama hajawahi kuongea na mimi Kiingereza tukiwa wawili. Hicho ni cha makao makuu, na benki, na baba tangu aondoke. Nimengoja aseme tena, kwa lugha yetu. Akaondoka.

Nimeirudisha kalamu kwenye karatasi.

Kuna hatua nyingine. Nzito, za taratibu. Zimesimama.

"Mpwa wangu." Ni yeye. Anaongea chini chini, jikoni wasisikie. "Nimekuona ulivyomtazama mama yako pale mezani. Sijawaandikia bado. Nifungulie."

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine uko kwenye komeo