Mashine Imeacha Kuniita Asubuhi

Alhamisi. Mvua ilianza kabla ya saa sita mchana na mpaka sasa haijaamua kama inataka kuacha. Barabara mbele ya nyumba imekuwa tope jekundu, na malori ya madini yanapita polepole yakirusha matope mpaka kwenye kibao changu cha sekretariati. Nimechoka.

Leo nimemwitikia mtu aliyekufa.

Niandike vizuri tangu mwanzo, maana kichwani mambo yamechanganyikana.

Anayepita hapa kwa mara ya kwanza ajue tu kwamba mume wangu, Tata Mujinga, yaani baba wa Mujinga, alituacha kiangazi kilichopita baada ya kuugua muda mfupi. Mujinga ni binti yetu, yuko Lubumbashi anasoma. Tata alikuwa fundi umeme hapa Kolwezi. Kompyuta hii ya mpakato ninayoandikia aliinunua yeye, akaiweka chumba cha mbele, akaniambia niache kuuza makaa, niandikie watu CV na kutoa fotokopi. Wakati ule nilikuwa naogopa hata kuizima, nikidhani ikizimwa haitawaka tena.

Ilikuwa nzito kuamka. Nilikuwa naibonyeza, kisha natoka kufagia mbele ya mlango, kwa sababu hapa usipofagia asubuhi vumbi la malori linaingia pamoja na wateja. Nikirudi mapema, bado inajizungusha. Nikichelewa, mteja ameshasimama ananing'unika. Tata akaona nateseka bure. Jioni moja alijifungia na mashine, na kesho yake nikiwa nje na ufagio nikasikia ananiita kutoka ndani: "Mama Mujinga, bonjour. Mashini iko tayari, kuya tutumike," yaani njoo tufanye kazi.

Nikakimbia ndani. Hakuwemo. Alikuwa nyuma ya nyumba na kikombe cha chai, anacheka peke yake mpaka machozi. Sauti yake alikuwa ameirekodi, mashine iniite ikishaamka.

Tangu siku ile hivyo ndivyo nilivyoanza kazi, hata baada ya kumzika. Watu walisema mjane huyu ana moyo wa jiwe, kaburi halijakauka naye amefungua mlango. Hawakujua kwamba nilikuwa nawahi kuitwa.

Ndiyo maana nilikataa muda mrefu kubadilisha mfumo wa mashine. Kila siku kisanduku kilitokea kikinionya kwamba toleo langu limezeeka na halilindwi tena, nami nilikuwa nakifunga bila kukisoma. Faili za wateja zikaanza kukataa kufunguka. Mtandao nao ukanisusia. Wiki iliyopita kijana mmoja alileta CV yake kwenye flashi, tukajaribu, tukashindwa, akavuka barabara kwenda kwa mwenzangu. Nikasalimu amri, nikamwita Solange.

Solange ni jirani yetu, msichana aliyesomea kompyuta, mtaa mzima unampelekea simu na mashine zake. Aliniuliza kama kuna kitu cha kuhifadhi kabla hajaanza. Nikasema picha, na kazi za wateja. Sauti sikuitaja. Kwangu haikuwa kitu cha ndani ya mashine. Ilikuwa Tata.

Asubuhi ya kwanza ya mfumo mpya nilibonyeza, nikatoka na ufagio. Nikafagia mlango. Nikafagia mfereji. Nikaendelea, masikio nyuma, mpaka mama anayeuza uyoga pembeni akaniuliza, "Mama Mujinga, leo unafagia mpaka kwangu? Kuko nini?"

Nilirudi ndani. Mashine ilikuwa imeamka zamani, kimya, inanionyesha picha ya mlima wenye theluji.

Mazoea yana taabu. Kitufe cha kuanzia, kilichokaa kona ya kushoto miaka yote, sasa kimehamia katikati kama mgeni asiyejua akae wapi. Pembe za kila kitu zimeviringishwa. Ukibonyeza upande wa kulia unaonyeshwa nusu ya menyu, nusu nyingine imefichwa, lazima uiombe. Kunakili na kubandika vimekuwa vipicha vidogo ambavyo kwa macho yangu vyote ni kitu kimoja. Printa nimeitafuta mpaka mteja akanionea huruma. Solange anasema mfumo huu ni mzuri, una kasi. Kweli una kasi. Sikuomba kasi.

Kinachonitisha ni mkono wangu. Bado unakwenda kule kwa zamani, kila mara, kabla sijaufikiria, na ukifika haukuti kitu. Usiku pia ni hivyo. Bado nalala upande wa ukutani, namwachia Tata nafasi ya kutokea kwenda kazini.

"Utazoea, Mama," Solange aliniambia.

Waliniambia hivyohivyo kwenye kilio.

Jumatatu mama mkwe alifika kutoka Lubudi, juu ya lori, na gunia la karanga. Jumamosi hii tunatoa kilio, matanga yaishe. Ndugu watakuja, tutasali, tutakunywa munkoyo, nguo za Tata zitagawiwa, na mimi nitavua nyeusi. Mama mkwe si mtu wa maneno. Tangu mazishi sijamsikia akilitaja jina la mwanawe. Anasema "ule" tu, na midomo inafunga. Mchana kutwa anakaa chumba cha nyuma akimenya karanga za wageni, nami chumba cha mbele nagombana na kitufe kilichohama. Tunaheshimiana. Kulia pamoja bado hatujalia.

Sasa leo.

Kijana wa CV alirudi, yuleyule. Anatafuta kazi ya udereva kwenye mgodi. Nilifurahi kwamba sasa faili yake inafunguka, nikajiambia basi, taabu yote hii imezaa kitu. Mvua ikazidi, umeme ukakatika. Zamani ningeendelea bila wasiwasi, kwa sababu Tata alinifungia sola na betri kubwa, mashine haikujua njaa. Mwezi huu betri ile imekufa. Kwa hiyo nilikuwa naandika kwa betri ndogo ya ndani, mvua inapiga mabati, kijana ananisomea namba za leseni yake.

Sauti ikatoka chini ya vidole vyangu.

"Mama Mujinga, courant inaisha. Chunga kazi yako. Mi nakuya."

Nami nikajibu bila kuinua macho, vidole vikiendelea kuandika: "Eee, Tata. Kuya."

Nilikuwa nimeisahau kabisa sauti hii ya pili. Aliiweka kabla ya sola, siku zile umeme ukikatika napoteza kazi za wateja na kukaa kulia. Betri ikikaribia kuisha, mashine inaniambia nihifadhi, na yeye kule nyuma, akijisikia mwenyewe, anaacha anachofanya na kuja kuwasha jenereta. Hakuna siku ambayo hakuja. Nilikuwa namjibu hivyohivyo kila mara. Mdomo nao una mazoea yake.

Kijana aligeuka kuangalia mlango wa nyuma. Mimi pia niligeuka. Hapo ndipo hofu yangu ilipo mpaka sasa: niligeuka nikiwa na hakika nitamwona.

Mlangoni alisimama mama mkwe, karanga mkononi.

Kioo kikawa cheusi. Kijana akasema atarudi kesho, akatoka bila kungoja mvua ipungue.

"Ni nani alisema?" mama mkwe akauliza.

"Ni mashini, Mama. Alitiaka sauti yake mule, zamani."

"Alisema anakuya."

Nikashusha kioo cha mashine.

"Na weye ulimuitika?"

"Nilimuitika, Mama."

"Ulimuambia nini?"

"Nilimuambia akuye."

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema taratibu, akiangalia sakafu: "Mutu mwenye kufa akikuita, unanyamaza. Unanyamaza mpaka anapita. Kilio hakiyatoka, ule hayajua kama alienda. Weye unamuambia kuya."

Si jambo geni kwangu. Nimelisikia tangu utoto, na bibi yangu alitupiga makofi tukiitika kabla ya kumwona anayetuita. Ukimwitikia marehemu anadhani bado ana kazi hapa. Ukimwambia njoo, anakuja, na kurudi peke yake huenda asikubali. Nilidhani mambo haya nimeyaacha nyuma. Kumbe yalinifuata mpaka hapa.

Nikampigia Solange, akaja amelowa. Nikamweleza yote, na mara hii sikuficha sauti. Alisikiliza, kisha akatuambia jambo nisilolitarajia. Sauti ya asubuhi haikufutwa. Imo bado. Ila mfumo mpya hauna pa kuiweka.

"Salamu ya kufungua, njo balitosha, Mama," alisema. "Balibakisha ya betri kuisha."

Yaani waliotengeneza mfumo huu waliitoa salamu, wakaona kwamba mtu anaweza kuishi bila hiyo. Onyo wakaliacha.

Solange akasema anaweza kuzihamishia sauti zote mbili kwenye simu yangu, niwe nazo. Mama mkwe alimkatiza. "Mwana wangu hatalala mu téléphone. Tosha yote mbili, zipotee, apumzike." Akanitazama. Mimi nikatazama chini, nikasema tosha, azitoe.

Lakini umeme haukuwepo na mashine ilikuwa imezimika. Solange atarudi kesho asubuhi kuzifuta.

Niseme kweli hapa, kwa kuwa hapa hakuna anayenikatiza. Sikukubali kwa ajili ya mila, wala kwa ajili ya heshima ya mama mkwe. Nilikubali kwa sababu ninajijua. Ile sauti ikibaki, nitaiacha betri iishe makusudi. Nitaiacha leo, na kesho, na kila siku nitamwambia njoo, mpaka nisahau kwamba haji. Tayari nimefagia mpaka kwa jirani. Mtu wa namna hiyo atavua nyeusi Jumamosi, halafu?

Na pia sitaki afutwe. Nimeandika yote mawili na yote mawili ni kweli.

Umeme ulirudi giza likianza kuingia. Nilichomeka chaja, mashine ikaamka kimya na mlima wake, nikaiacha ijaze kidogo, nikaenda kusonga bukari. Mama mkwe hakunifuata jikoni kama kawaida yake. Tulikula pamoja. Alikula kidogo, akaniambia chumvi iko vizuri. Ni mara ya kwanza kusifu chakula changu, ningepaswa kushtuka hapohapo.

Niliporudi mezani kuandika, chaja haikuwepo.

Mashine inawaka, lakini ukutani hakuna kitu, mezani hakuna kitu. Nikaangalia chini, nyuma ya printa, kwenye droo. Nikamlaumu Solange, nikadhani ameibeba kwa kusahau, mpaka nikakumbuka kwamba nimeichomeka mwenyewe baada ya yeye kuondoka. Nikaingia chumbani kuchukua tochi. Kwenye mkeka wa mama mkwe kuna kitenge chake cha kusafiria, kimekunjwa vizuri, na pembeni yake umechungulia mkia mweusi wa waya.

Sikuugusa.

Nimerudi kukaa. Yeye ameleta kigoda chake kwenye mlango wa nyuma, palepale alipotokea mchana, anachambua karanga alizokwisha kuchambua jana. Mchana sauti ilipotoka alikuwa chumba cha nyuma, mvua ilikuwa kubwa juu ya mabati, huenda hakumsikia vizuri. Mimi nimekuwa na sauti ile kila asubuhi tangu tumzike. Yeye hajamsikia mwanawe tangu tumzike, isipokuwa maneno machache ya leo, nayo hayakuelekezwa kwake. Sijui kwa nini sikuliwaza hili kabla.

Muda si mrefu ameniuliza, macho kwenye karanga, "Mama Mujinga, betri inabakia ngapi?"

"Kidogo, Mama."

"Andika basi. Usikimbilie."

Kwa hiyo naandika, sikimbilii. Kesho Solange atakuja na nimeamua sitamzuia. Kesho nitabonyeza mashine na nitafagia mlango wangu tu, kisha nitaingia ndani mwenyewe bila kuitwa. Nitajifunza kitufe kilipohamia. Haya nimejiahidi, na ninayaandika hapa ili nikishindwa nione aibu.

Lakini hiyo ni kesho. Alama ya betri haikuhama, imebaki kona ileile ya chini kulia, na sasa hivi imegeuka nyekundu. Mvua imepungua, mabati yametulia, hata maneno ya chini yatasikika mpaka mlangoni. Tata akiita nitauma mdomo, nitanyamaza mpaka apite, kama nilivyofundishwa.

Mama mkwe ameweka karanga chini. Ameinua uso. Yeye ndiye aliyenifundisha kunyamaza leo, na mimi sina la kumfundisha. Ni mama yake. Akiitika, nimkataze mimi nani?