Kitendawili nilichomtegea mkaguzi

Mwenzangu! Nimemkaribisha mkaguzi wa masafa ya redio nikidhani ni mteja wa intaneti!

Alisimama uani na kifaa kinacholia, anatazama antena ya intaneti anayouza mjukuu wangu, juu ya paa. Nami nikajisifu! Nikamwambia intaneti ilikuwa inakatika, nikaingia kwenye kompyuta nikaihamisha antena kwenda njia niliyoiona tupu, sasa inafika mpaka zahanati.

Halafu mdomo wangu huu. "Kitendawili!" Akasema, "Tega." "Hakionekani, hakishikiki, na kila mtu anakigombania."

Hakucheka. "Masafa, bibi. Na hayo uliyohamia yana mwenyewe, ana leseni. Ni ya redio za magari ya wagonjwa."

Magari ya wagonjwa, mwenzangu! Nikakaa juu ya ndoo.

Akataka jina la mwenye biashara. Unajua mjukuu wangu ameomba leseni ya kuuza intaneti ofisini kwao, jibu wiki hii. Jina lake likiingia kwenye kosa, basi tena. Nikasema, "Andika langu. Nimebadilisha mimi, mjukuu wangu hana habari."

"Bibi, usimkinge mjukuu. Wewe unajua kubadilisha masafa?"

Unajua nini? Nikavaa miwani, nikafungua kompyuta, nikairudisha antena ilikokuwa, anatazama. Kifaa chake kikanyamaza. Akanitazama weee, kisha akaandika jina langu.

Jumatatu naitwa ofisini kwao.

Sasa hivi mjukuu ananipigia. Anauliza mbona intaneti imeanza tena kukatika.