Jiwe la Upande wa Kulia

Nyumbani, karakana ya mlango wa kijani,
9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Mpishi,

U hali gani huko? Kile kikohozi kimekuachia, au bado unakunywa tangawizi na kujiita daktari? Sisi huku wazima kabisa. Mimi nimenenepa, usiulize kiasi gani.

Nina habari, nikichelewa kuisema nitapasuka.

Ulipoandika kuwa sasa una jiko lako mwenyewe, nilisema lazima kisu chako kitoke hapa. Lakini Baba unamjua: tangu uiache karakana ukafuate masufuria, miaka miwili hii, hajakutaja hata kwa bahati mbaya. Basi nikamdanganya. Nikamwambia kuna mteja anataka kisu cha jikoni chenye kijiwe kwenye mpini. Akakifua, akakinoa siku mbili, huku ananung'unika kwamba kisu si bibi harusi, vito vya nini. Mpini na jiwe akaniachia mimi.

Jiwe nililitoa kwenye hereni ya marehemu mama, ile iliyobaki moja. Jekundu, dogo kama punje ya mtama. Nikatoboa mpini nimebana pumzi, nikalipachika, nikalizungushia ukingo wa shaba. Lilivyong'aa, we acha tu! Nikampelekea Baba kwa maringo.

Akakishika kwa mkono wa kushoto, akajifanya anakata kitu, akakunja uso.

"Umeliweka upande mbaya. Litamchuna kiganja."

Nikaanza kujitetea: siku zote jiwe tunaliweka upande wa kushoto wa mpini, kiganja cha mkono wa kulia kisiliguse.

"Mama yenu angekucheka," akanikatiza. "Mwanawe wa mwisho ana mashoto, na wewe dada mtu umesahau?"

Loo! Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe mzee alijua tangu mwanzo! Hata makali alikuwa ameyanoa ya mtu wa mashoto, na mimi fundi mzima sikuona. Nililia, nikacheka, sijui kipi kilitangulia.

Akaling'oa jiwe, tundu akaliziba kwa shaba, akalipachika upya upande wa kulia. Mikono yake siku hizi inatetemeka, ila kusaidiwa hataki. Ukiona limekaa mshazari kidogo, ndiyo sababu. Mimi nalipenda hivyo hivyo.

Shangazi anakusalimu na anauliza utaoa lini; mjibu mwenyewe. Fundi Kimya, jirani yetu, naye anakusalimu, yaani ametikisa kichwa. Mungu aibariki mikono yako na kila sahani itakayotoka jikoni mwako.

Nilikuwa nafunga kifurushi hiki, Baba akarudi kutoka mlangoni. Amesema nikuandikie hivi, neno kwa neno: kisu kikiisha makali, asikinoe mtu mwingine. Ukilete mwenyewe.

Dada yako akupendaye, kulia na kushoto.