Kaa Kwenye Mtaro wa Mdogo Wako

Baba Mhina,

Naandika mwenyewe, kwa herufi ulizonifundisha kwa mkaa kwenye mlango wa jikoni, maana shule mimi sikuiona. Zikipinda usicheke. Masika yamepita tangu tukuzike, na sijalia tena. Nina hasira, na hasira inanipa joto.

Ukuta wa saruji wa mdogo wako, ule wa kupeleka maji kwenye mtaro wake, bado umesimama mtoni. Nauona kila asubuhi nikienda kuchota maji. Naona pale ulipoteleza na sufuria yangu ya maharage, imejaa watoto wa mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Umri wako ule, unavusha ukuta visamaki vyembamba kama njiti za kiberiti! Watu walikucheka: "Mzee kawa yaya wa samaki." Ukaniambia, "Mama Mhina, hawa wametoka baharini, wamepanda mlima wote huu, waje wakwame kwenye saruji ya mdogo wangu?" Siku ya tatu ukavunjika nyonga. Hukuinuka tena.

Na mdogo wako msibani alikula sahani mbili, akafuta mdomo, akasema, "Kaka kajiua kwa ajili ya samaki." Nilikuwa ndani na wanawake. Nilisikia.

Banio letu la zamani, la mawe na migomba na matope, tulilokingia maji ya mto kabla ya ukuta wake, lilivuja. Kila masika lilibomoka, tukaenda wote kulijenga, wewe ukiimba vibaya. Mdogo wako aliliita banio la wavivu. Hakujua kuvuja kule ndiko kulikokuwa mlango. Mikunga wadogo walipanda, wakubwa wakashuka baharini kwenda kuzaa, na mikunga wakakaa kwenye mabwawa ya juu wakila kaa. Unakumbuka ulimpasua mmoja, tumboni kaa watatu? Tukamla, nawe ukasema tumekula wanne kwa mpigo.

Sasa sikiliza habari, utafurahi. Mikunga wazee wa juu walishuka, na wa kushika nafasi zao wamerundikana chini ya ukuta, wanadonolewa na ndege. Kaa wamebaki peke yao na hawaliwi. Wamezaa mpaka unawakanyaga. Na kaa anachimba, Baba Mhina. Wamechimba wapi? Kwenye kingo za mtaro wa mdogo wako! Maji yanatoka ukutani yamejaa, yanaishia njiani. Kabichi zake zimelegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

Nami nawasaidia hao kaa. Makombo ya ugali, vichwa vya dagaa, vyote nawamwagia pale ukingoni. Nawaambia, "Haya wanangu, kuleni mfanye kazi." Mchungaji kanionya kwamba kisasi ni cha Mungu. Nikamjibu, ni chake kweli, mimi nalisha tu. Mke wa mdogo wako nampelekea maboga na maziwa, yeye na watoto hawana kosa. Mumewe hata kikombe cha maji sijampa.

Juzi kaja. Kasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Nikiziba, wanatoboa kwingine. Kaka alikuwa anawafanyaje hawa kaa?"

Sijawahi kuonja maneno matamu kama hayo. Aliyemcheka kaka yake kaja kumuuliza, na kaka hayupo.

Nikaingia ndani nikatoa ule ufito waliokupimia kaburi. Waliusahau uani, nikauficha chini ya kitanda. Nikamwambia: mla kaa yuko chini ya ukuta wako, anasubiri kupita. Toboa ukuta, upana sawa na urefu wa ufito huu, mpaka chini kwenye mchanga, maji yashuke mwaka mzima. Na nyundo ushike wewe, usinitumie kibarua.

Akaushika ufito. Akautazama huku na huku, kisha akaujua. Akasema atafikiri.

"Fikiri," nikamwambia, nikaenda kukwangua sufuria.

Basi lala, mume wangu. Siku atakapopiga nyundo ya kwanza nitakaa pale mtoni kwenye jiwe ulilokuwa ukikalia nimtazame mpaka ya mwisho, na mkunga wa kwanza akipita, nitakuletea huo ufito niuvunjie kaburini kwako. Nakuahidi. Asipopiga, vuli inakuja, na kingo za mtaro wake zimebaki nyembamba.

Usinitegemee huko mapema. Nina mifugo ya kulisha.

Mkeo,
Mama Mhina