Picha ya Siméon kwa mulango wa Fuso

Beni, commune ya Beu
Tarehe 9 mwezi wa kumi

Mpendwa yaya Jumaine, kaka yangu mukubwa,

Salaam aleikum. Uko muzima huko Kampala? Na ule mugongo wako, ungali unakusumbua ukibeba mizigo? Sisi hapa tunapumua, alhamdulillah. Batoto banasoma. Bwana yangu Issaka amepona homa, lakini hasemi sana tangu Fuso yake ya mizigo ichomwe.

Utashangaa kupata karatasi. Simu nimeifungia kwa kabati. Mama mwenye kukuletea barua anakuya huko kununua mali, anarudi Beni kiisha siku tatu. Soma peke yako kwanza.

Yaya, wewe ndiye ulinifundisha: kitenge bila sura ya mutu hakiuzwe. Ulisema kweli. Tangu nianze kujipiga picha kule Kasindi, kwa mupaka, kitenge kipya kwa bega, nimeegemea Fuso imejaa, mali ilikuwa inaisha mbele haijafika hapa. Na zile j'aime, batu kubonyeza kwamba bamependa, nilizipenda kuliko faranga, nisikudanganye.

Picha ya mwisho unaikumbuka. Nyuma yangu Siméon, dereva wetu, ameshika mulango anacheka, pengo lote inje. Ulinitumia capture yake, kioo cha simu kizima, mpaka na commentaires, maneno ya batu chini: j'aime mia sita na kumi na mbili. Ukaandika, "Sasa umekuwa star." Hiyo capture ndiyo sababu ya barua hii.

Chini ya picha, mutu mumoja hana sura, profil yake ni picha ya ua tu, aliuliza: "Gari inapita Bulongo saa ngapi?" Unajua kazi yetu. Mwenye kuuliza saa ndiye mununuzi, anataka kusimama njiani achague wa kwanza. Nikajibu mbio, na kamoyo kekundu juu: "Kesho saa ine ya asubuhi, chéri. Jitayarishe."

Kesho yake, saa ine, kupita Bulongo kidogo, batu ba silaha balitoka pori, bakapiga Fuso risasi. Siméon alifia kwa usukani. Kiisha bakachoma gari na mali.

Pengine haiko ju ya jibu langu. Kwa ile njia batu banakufa hata bila picha. Ndivyo najiambia nikiosha vyombo, na haisaidie. Picha niliifuta mbele maiti haijafika Beni. Issaka aliuliza nani alijua saa ya gari, nikabeba bidon nikaenda kuteka maji. Woga ulinishinda, yaya, na nina haya mbele ya Mungu.

Juzi Masika, mujane wa Siméon, alikuya kwangu. Ni jirani, lupango yao na yetu zinashikana, unajua. Siku ya kuondoa kilio imekaribia, anatafuta sura ya kuweka kwa cadre ya kioo, na kwa carte d'électeur, ile ya kupigia kura, Siméon anaonekana kama mufungwa. Akanishika mukono: "Mama Yasmine, ile ya Kasindi yenye alicheka. Batu bote baliipenda. Nipatie." Nikamuambia simu imeharibika. Akanipa pole. Yeye ndiye alinipa pole mimi.

Jana asubuhi nikafungua simu, nione kama ile picha inaweza kurudi. Haikurudi. Lakini ule wa ua ameniandikia tena, kwa message: "Gari ingine lini?" Pengine ni muteja wa kweli. Sijue. Ndipo nikafungia simu kwa kabati. Leo nitamuambia Issaka yote, apeleke simu kwa bakubwa ba usalama.

Sasa nakuomba. Capture ungali nayo, wewe hufute kitu. Itoe kwa karatasi, kwa rangi, umupe huyu mama wa barua. Hapana kuiweka tena kwa statut ya simu batu baione, hata kwa kumulilia Siméon. Nitaipeleka kwa Masika mimi mwenyewe. Anaweza kunifukuza mbele ya batu bote. Nitaenda.

Salimia sana shemeji Kanyere na muzee Elikia mwenye kukupangishia duka. Mungu akufunike huko bugeni, na afunike kila dereva mwenye kushika ile njia.

Mudogo wako mwenye kukupenda,
Yasmine

Tena, yaya: ile capture usiikate chini. Najua utataka kunifichia. Acha jibu langu lionekane. Masika anajua kusoma.