Madamu Amekamuliwa kwa Mkono wa Kulia

Dada Elipina,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sitaki siku tukikutana uanze kunisema kwamba mdogo wako nilikuandikia bila salamu, kama mtu wa benki. Mimi ni mzima. Mguu tu unauma kidogo, ule nilioumizwa na nyati kule msituni. Ndiyo, najua, wewe ulikuwa unasema ni punda wa jirani. Umeshakufa na bado tunabishana.

Nakuandikia nimekaa kwenye gogo nje ya jiko lako. Watu wameondoka sasa hivi, mabenchi ya kanisa bado hayajarudishwa. Leo tumekuwekea msalaba kaburini. Mchungaji amehubiri vizuri, kwaya imeimba, watu wamelia. Mimi sikulia, ila moshi wa kuni ulikuwa unakuja sana upande wangu. Lakini siyo hayo yaliyonifanya nishike kalamu, mimi niliyeacha shule darasa la tano kwa sababu mwalimu mkuu alianza kuhofia nafasi yake. Nakuandikia kukwambia kwamba Madamu, ng'ombe wako, amekamuliwa leo mbele ya ukoo mzima. Na aliyemkamua ni binti yako Wini. Kwa mkono wa kulia.

Ngoja nirudi nyuma, maana kuna maneno ulikuwa umeshayakimbia.

Siku ya kumaliza matanga yako tulikaa hapa hapa uani kugawa vitu. Wini alikaa pembeni kwenye mkeka, mkono ameuficha kwenye kanga kama kawaida yake. Ilipofika kwa ng'ombe, wifi yako akasimama. Unamjua anavyosimama, kama ameitwa kufungua mkutano. Akasema, "Ng'ombe ni wa mwenye mkono wa kumkamua. Huyu mtoto hana mkono, ana ngumi. Mwanangu atamchukua." Angeishia hapo ningemvumilia, maana ni dada wa marehemu shemeji, na nilikuwa nimeshiba. Lakini akaongeza, "Na aliyemharibu mkono ni mama yake mwenyewe."

Dada, udongo wa kaburi lako ulikuwa bado una unyevu.

Nikainuka. Mimi ni mjomba, na mjomba akiinuka kwenye kikao hata mbwa wanakaa. Nikasema, "Siku ya kuweka msalaba wa dada yangu, Wini atamkamua huyu ng'ombe mbele yenu wote, kwa mkono huo huo mnaouita ngumi. Asipoweza, mchukueni Madamu, na mimi mnichukue nikawachungie mbuzi." Mtu mmoja nyuma akasema, "Elisaria, hata yule nyati wako hakuwa mkubwa hivi!" Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mzee wa ukoo akasema haya, mjomba amesema, tusubiri msalaba mwakani.

Nilipokaa ndipo nilipogundua kwamba sijui kama mkono ulioungua namna ile unaweza kufunguliwa. Mdomo ulikuwa umetangulia, mimi nikabaki njiani. Wini akaninong'oneza, "Mjomba, sasa tutafanyaje?" Nikamjibu, "Mimi nina watu." Sikuwa na mtu.

Nikamchukua tukakaa kwangu Moshono, na tukaanza kwenda hospitali. Nilitegemea mzee wa mvi, nikakutana na daktari wa kike mdogo kiasi kwamba nilitaka kumwuliza mama yake yuko wapi. Akaushika mkono wa Wini bila kukunja uso hata kidogo. Unajua hakuna mtu aliyewahi kuushika hivyo zaidi yako. Akaugeuza, akabonyeza, akasema, "Vidole vyote vimo humu ndani, vizima. Ngozi ndiyo imevivuta." Wini akamtazama kama mtu aliyeambiwa ana ndugu anaishi chumba cha pili.

Daktari akaeleza: atakata kovu, atavinyoosha vidole kimoja kimoja, pale patakapobaki wazi kiganjani atapandikiza ngozi ya paja. Sikungoja amalize. Nikaanza kuvuta suruali nikamwonyesha paja langu. "Kata hapa, daktari. Hii ni ngozi ya ukoo." Akaniambia, "Mzee, funika. Mwili wake utaikataa ya kwako. Tutachukua ya kwake mwenyewe." Basi nikafunika. Ila pale Kaloleni ninapokunywa supu wanajua kabisa kwamba Wini amewekewa ngozi yangu. Kuna mzee mmoja huwa ananipisha kiti.

Kisha nikamwuliza lile lililonikaa kooni. Nikamwuliza kama ni mama yake aliyemharibu. Nikamsimulia yote: Wini alivyoanguka akiwa mdogo akatua kwa mkono kwenye makaa, jirani alivyokimbia na manyoya ya sungura kubandika, wewe ulivyoufunga mkono na kipande cha kanga na kushinda umempakata. Ukigusa kidole kimoja tu kukinyoosha analia, unakiacha. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema, "Mtoto akiungua anaukunja mkono kwa sababu ukiwa umekunjwa hauumi sana. Mama anamwacha kwa huruma. Kidonda kinapona hivyo hivyo, kovu linavuta. Akina mama wengi wananiletea mikono ya namna hii, na wote waliwapenda watoto wao." Nikamwomba arudie. Nikamwomba tena. Akadhani sisikii vizuri. Nilikuwa nakariri, nije nimtapikie wifi yako siku ya msalaba.

Siku ya kupasuliwa nilisali nje ya mlango mpaka nesi akaja kuniomba niwaachie na wagonjwa wengine nafasi kwa Mungu. Wini alitoka na bandeji kubwa kama bondia, na vyuma vyembamba vikichungulia kwenye ncha za vidole. Nikawaambia wodi nzima kwamba huyu ni mpwa wangu.

Ila dada, siku ile walipofungua bandeji. Sitaki kukudanganya, ingawa ndiyo kazi ninayoijua. Kiganja kilikuwa na viraka, huku chekundu, huku cheusi, na pembeni sehemu moja ya ngozi ilikuwa haijashika. Wini aliangalia mara moja akageuzia uso ukutani. "Mjomba, huu siyo mkono wangu." Nikamwambia, "Ni wako. Umetoka safari ndefu, ngoja upumzike." Lakini sauti yangu ilikuwa mbovu, na nadhani alisikia.

Vyuma vilipotolewa ndipo vita ilipoanza. Mkono ule ulitaka kurudi kuwa ngumi. Kila siku ulikuwa unavuta, na kila siku sisi tunavuta huku. Mtaalamu wa mazoezi alitufundisha: kunyoosha, kukunja, kupaka mafuta na kusugua kovu, kuvaa kibao cha plastiki wakati wa kulala. Wini alikuwa analia kimya kimya, meno yameuma kanga. Siku moja akakitupa kile kibao mpaka kwenye banda la kuku, akaniambia, "Mjomba, uache ukunjike tu. Nimeshauzoea. Wampe ng'ombe huyo mtoto wao." Nilikuwa nimeshika vidole vyake, dada. Navinyoosha, naona uso wake. Na vidole vyangu vikaanza vyenyewe kulegea.

Hapo ndipo nilipokuelewa. Nilikuwa nakusikia miaka yote ukisema "nilishindwa," nikidhani ni neno tu.

Sikuachia. Nilimsimulia habari ya nyati, ile ndefu, ambayo ninamshika pembe, nikawa navuta kidole kimoja kwa kila pembe, na yeye analia na kucheka na kunitukana kwa heshima. "Mjomba wewe ni mwongo, shikamoo, ni mwongo sana." Tukaendelea hivyo.

Halafu tukapata kiwele. Tulichukua glavu ya mpira ya hospitali, tukaijaza maji, tukatoboa vidole kwa sindano na kuifunga kwenye kamba ya kuanikia nguo. Wini akachuchumaa chini yake na ndoo, akaanza kukamua maji. Mwanzoni yalikuwa yanadondoka tu kama bomba bovu. Watoto wa Moshono wakawa wanakuja kuangalia ng'ombe wa glavu. Nimeambia watu kwamba wazo ni langu na sasa linatumika mpaka Ulaya. Wini anasema wazo ni lake. Amerithi kwangu tabia ya kudai vitu vya watu.

Basi leo. Baada ya sala na chakula, wifi yako akapangusa mdomo akasema kwa sauti, "Tuliahidiwa sinema." Mwanaye, aliyekuwa anamtunza muda wote huu, akamleta Madamu. Amekonda kidogo, na tangu uondoke anabana maziwa, amempiga teke yule kijana kiasi kwamba anamkamua akiwa amemfunga miguu. Wini akasema, "Mfungueni." Watu wakarudi nyuma. Mimi pia nilirudi nyuma, lakini kwa ajili ya kupisha wengine.

Alikuwa amevaa sweta lako la kijani. Akamwosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, akaegemeza paji la uso ubavuni kwake, akasema yale uliyokuwa unasema, "Shusha mama, shusha." Akavuta. Hakuna kitu. Madamu akainua mguu. Wifi yako akakohoa. Akavuta tena, nikaona jasho linamshuka shingoni. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria wale mbuzi. Madamu akaushusha mguu polepole. Halafu nikasikia kwenye ndoo: chwaa. Kimya. Chwaa. Kidole kidogo kilikuwa kimesimama pembeni, maana hicho bado hakijakubali kukunjika, kama cha bibi wa kizungu anayekunywa chai. Lakini vinne vilikuwa vinafanya kazi, chwaa, chwaa, mpaka povu likapanda.

Nikainuka kutoa hotuba yangu ya daktari. Wini akanipita.

Alikuwa amejaza kikombe. Unakumbuka wifi yako alivyokuwa anamwambia, "Mimi sipokei kitu cha mkono wa kushoto," na mtoto hana mwingine wa kumpa? Leo alimwendea na mkono wa kulia, wa kushoto ameushikilia chini ya kiwiko, akapiga goti kidogo. "Karibu shangazi. Mama alinifunga mkono ili usiniume. Naomba usimseme tena." Hakupandisha sauti hata kidogo.

Wifi yako aliangalia vile viraka. Sote tuliangalia. Akapokea kwa mikono miwili. Akanywa, akamaliza, akabaki na povu juu ya mdomo, na ukoo mzima hakuna aliyemwambia. Mzee wa ukoo akasema, "Ng'ombe ana mwenyewe." Basi.

Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu unijue, nikakaa chini na hotuba yangu.

Madamu tunashuka naye Moshono kesho. Kidole kidogo tutakirudisha kwa daktari, amesema kinawezekana. Watakaosema mkono umebaki na makovu, waseme. Wini ameacha kuuficha. Alivyokuwa anaaga watu hapa, alikuwa anawapungia nao.

Nakuahidi jambo moja, dada. Nyati nitaendelea naye, paja langu pia nitaendelea nalo. Lakini habari ya leo nitaisimulia ilivyokuwa, popote nitakapokaa, bila kuongeza hata tone. Haihitaji.

Ulikuwa unaniaga pale getini, "Haya mwongo wangu, nenda salama." Leo mimi ndiye ninayeondoka, wewe unabaki na msalaba wako mpya. Haya, Elipina wangu. Baki salama.

Mwongo wako,
Elisaria